Futi Tano

"Hakuna lenzi," kamera yangu yaniambia,
nami nimeishika, nzito kama kufuli la ghala,
chuma na kioo, imekaa
juu ya pete ya Kichina niliyoagiza kwa mia tisa.
Hakuna lenzi. Basi naingia kwenye menyu,
naiamuru: piga hivyo hivyo,
kama kipofu anayeijua nyumba yake.

Niliinunua Kibokoni, studioni kwa Jethalal,
siku mkaza mwanawe alipokuwa akifunga maboksi ya kuhamia Nyali.
Ilikuwa ndani ya soksi ya mtoto wa shule.
"Ina kuvu," akasema, hakunificha.
Nikaiinua dirishani. Kweli: ukingoni mwa kioo
nyuzi nyeupe, kama mizizi ya kitunguu ndani ya gilasi.
Hewa ya Mvita hailali; hula bawaba, hula misumari,
hula hata kilichotengenezwa kuona.
Nikatoa elfu mbili. Hakuzihesabu.

Shee, mwenzangu wa kazi za harusi, alicheka mpaka akakaa chini.
"Yangu mimi yalitafuta yenyewe jicho la biarusi,
hata liwe nyuma ya shela. Yako yangoja uibembeleze."

Yangoja, kweli.
Kwenye harusi ya Majengo nilikosa tabasamu la bwana harusi,
nikakosa kisu kikiingia kwenye keki,
nikapata, kwa ukali wa kukata, kifungo cha kanzu ya mjomba,
na nyuma yake umati wote umeyeyuka,
taa zimekuwa matone ya mafuta juu ya mchuzi.
Mwenye harusi hakunimalizia pesa zangu.

Lakini mkono hujifunza.
Gumba na kidole cha shahada, robo ya mzunguko,
grisi ya zamani ikisogea ndani taratibu,
na kwenye skrini kingo za vitu zawaka nyekundu
kama makaa yakipulizwa: hapa, hapa, umepita, rudi.
Sasa naujua umbali kwa misuli.
Paka wa ukutani, futi saba. Mlango wa jirani, kumi na mbili.
Na mwisho kabisa kuna nane iliyolala ubavu,
hiyo ni ya mwezi, na ya meli za kontena kule Kilindini,
vitu visivyohitaji nivisogelee.

Kisha nikaiona alama.
Tone la rangi ya kucha, jekundu, limefifia,
halikukaa juu ya namba yoyote,
baina ya nne na sita.
Nilidhani ni uchafu. Nikalikwangua kidogo, nikaacha.

Mamangu ndiye aliyelijua, naye hakuinua hata kichwa,
alikuwa akichagua mchele.
"Kwa Jethalal palikuwa na kigoda kimepigiliwa msumari sakafuni.
Na miguu ya kamera, nayo haisogezwi.
Ukishakaa, hakutazami mara mbili.
'Inua kidevu, mama.' Basi, umekwisha.
Picha ya kipande changu ilipigwa hapo.
Na ya babako, ya pasi, ile aliyoendea Jeddah."

Aliyoendea.
Ungo ukapiga mara mbili, makapi yakaruka.

Nikapima kwa vigae vya ukumbini, vitano na kitu,
nikaipeleka pete mpaka kwenye tone jekundu,
nikakataa kuitazama skrini.
"Kaa hapo mama, usisogee."
Akasogea. Mchele ulikuwa umwagike.

Ungo ndio uliotoka: kila punje na kivuli chake,
vidole vyake, pete ya fedha, kovu la kisu cha mbatata.
Uso umebaki nyuma kidogo, laini,
na kwenye kona ya juu kuvu imetandaza ukungu wake.

"Umeniharibu," akasema, akaichukua kamera,
akaiweka mbali na macho, akaileta karibu,
akaisukuma mbali tena, mikono imenyooka yote,
akitafuta mahali pake pa kuonea.