Plagi Nane

Duka la spea pale Kisumu Ndogo waliniambia: nne.
Silinda nne, plagi nne, hesabu ya darasa la pili.
Nikalipa, nikafunga risiti kwenye pindo la leso.

Gari lenyewe lina milango miwili na kiburi cha minne.
Jekundu, au lilikuwa; jua la Malindi limelinywa,
limebaki rangi ya achari iliyosahaulika dirishani.
Bwana Renzo aliliacha na bahasha:
funguo, na samahani kwa Kitaliano,
badala ya mishahara ya miezi kumi na mmoja
ambayo baba alimkatia majani, akampogolea maua ya ukutani.
Miaka mitatu limekaa chini ya turubai hapa Muyeye,
kuku wakitagia kiti cha abiria,
baba akilipangusa kila Ijumaa
kama mtu anayepangusa kaburi la mdeni wake.

Leo asubuhi, injini baridi, nikafungua boneti.
Kwanza pampu ya baiskeli: fuu, fuu,
mchanga utoke visimani kabla hujagusa kitu,
maana punje moja ikidondoka ndani
itakwaruza mpaka kiyama.
Kisha nyaya. Nikazitia alama
kwa hina iliyobaki harusi ya Umazi,
nukta moja, mbili, tatu, nne,
tano.
Nikasimama. Nikahesabu upya kwa kidole.
Nane.

"Baba, kila chumba kina mbili."
Akaja na mkasi wa bustani mkononi,
akainama kama anayechungulia kiota.
"Huyu Renzo," akasema,
"cheche alizitaka mara mbili,
na mshahara hata mara moja ulimshinda."

Soketi ni ya Baya, fundi wa pikipiki.
Mpira wake wa ndani ulishakufa:
inalegeza plagi vizuri, kisha inaiacha shimoni.
Baba hakusema neno. Akaenda bombani,
akakata shubiri moja ya mpira wake wa kumwagilia,
akanipa.
Ukaikamata plagi kichwani, ukaipandisha polepole,
nyeusi tititi, masizi ya kibatari.
Ya pili imelowa mafuta.
Ya tatu kahawia, ya kahawa chungu, mzima wa afya.
Ya sita, kauri ina ufa mwembamba kama unywele.
Nikazilaza zote juu ya gazeti,
nikachagua nne za kuzika na nne za kutibu:
msasa, petroli kidogo, mswaki wa zamani,
mwanya nikaupima kwa jani la chuma.
Kila chumba kitapata moja mpya na moja ya zamani.
Pesa za nyingine sina. Zitazoeana.

Kurudisha ndiko kwenye kazi.
Kichwa cha injini ni aluminiamu, hakina msamaha.
Unazungusha ule mpira kwa vidole viwili tu;
plagi ikienda mshazari, mpira unateleza wenyewe,
unakataa kwa niaba yako.
Ikikaa, ndipo spana. Robo mzunguko.
"Basi," akasema baba nyuma yangu.
"Mche ukiushindilia sana, mizizi inakosa pumzi."
Nikamwambia injini si mpilipili.
Lakini nikaishia palepale aliposema basi.

Kitsao wa jirani akapita, akaziona zile nne kwenye gazeti.
"Dada Dama, hizo nipe, nifanye chubwi za mshipi."
Akaondoka nazo zikigongana mfukoni
kama tajiri.

Betri tuliazima kwa Baya, ile ya sola.
Baba akaketi kwenye usukani, hana leseni, hajawahi,
mgongo wima kama yuko studio ya picha.
Funguo. Kikohozi. Kikohozi kirefu.
Halafu likanguruma,
kuku wakaruka, turubai likajikunja kwa woga,
harufu ya vumbi linaloungua ikatujaa puani.
Chumba cha tatu kinadonoa kidogo; nimekisikia.
Yeye hakukisikia, au hakutaka.

"Mwezi mmoja huo," akasema. "Bado kumi."
Akashika usukani kwa mikono miwili, akaugeuza kushoto.
"Mafuta yaliyomo yatatufikisha wapi?"

Kwa Baya, nikamwambia,
kurudisha betri.