Kiti cha Kulia

Wanaosema ngozi ivute ili maji
hawajaletewa Pijo ya mwaka sabini na tisa
mchana wa Oktoba, Masasi, pale Mkuti,
jua limeegemea mabati kama mdai.
Hii ilikwisha kuvutwa. Ilikwisha kukauka.
Hii ni ya kubembelezwa.

Bi Tekla Mnali akasema, "Fundi Mfaume,
kuna mteja anatoka Nanyumbu Jumamosi.
Vifanye vipya."
Hakuingia ndani. Alisimama na mkoba wake
upande wa kushoto, alioukalia miaka ishirini na minane,
na kiti hicho hakina hata mkwaruzo.

Cha kulia ndicho kilichokula chumvi.
Ukingo umechanika pale paja lilipopita
kila kuingia, kila kutoka;
mgongoni nyufa kama mbuga ya Agosti,
na katikati shimo la mtu mzito kidogo
aliyependa kuegemea dirishani.
Kuna na doa jeusi: mafuta ya maganda ya korosho.
Marehemu alipanga madaraja, chama cha msingi,
sampuli akizipakata kwa kuwa buti halikufunga.
Yakikumwagikia wewe, utabambuka,
utaota ngozi nyingine, utasahau.
Ng'ombe aliyekwisha kufa ataotaje nyingine?

Mtaani hapa kila mtu ni daktari wa ngozi.
Chilumba wa matairi: paka mafuta ya nazi.
Mama wa mihogo: kiwi nyeusi, itang'aa hiyo.
Kijana wa bodaboda: petroli, mzee, uchafu wote unakimbia.
Unakimbia kweli, na rangi inaufuata.
Na nazi huchacha; siku ya tatu
umeshawafungulia sisimizi duka.

Mimi: kitambaa chenye unyevu, si maji.
Povu la sabuni, povu tupu,
na mswaki wa zamani kwenye mishono.
Kitambaa kikatoka na rangi ya chai,
kikatoka tena na rangi ya chai,
mara ya sita kikatoka na rangi yake.
Mishono nayo ikatapika: mchanga, pini,
karatasi ya vidonge vya presha,
risiti ya mizani, kilo arobaini na mbili, jina halisomeki.
Nikaviweka kwenye kopo la siagi.

Kisha gundi, ufa kwa ufa, kwa kijiti cha kiberiti.
Msasa laini, kwa mkono usio na haraka.
Rangi kwa sponji, nyembamba kama utando wa maziwa,
ikauke kivulini, urudie, ikauke, urudie.
Doa likafifia, likagoma kuondoka.
Godoro la kujazia shimo nilikuwa nalo, jipya.
Nikalipima. Nikalirudisha. Nikalipima.
Nikaweka nusu.
Fundi haweki nusu, najua.

Ijumaa jioni nikampa masharti:
asiegeshe chini ya mkorosho, unadondosha utomvu;
mchana afunike kioo kwa khanga;
kila miezi mitatu mafuta ya ngozi, kidogo tu,
kama unampaka kichanga.
"Mteja nitamwambia," akasema,
akapokea kopo, akalitikisa, hakulifungua.

Akafungua mlango wa kushoto. Akaufunga.
Akazunguka mbele ya gari, kiganja juu ya boneti
kana kwamba anampita mgonjwa aliyelala,
akaketi cha kulia.
Ngozi ikalia, kama inavyolia ikipata mtu.
Akasubiri inyamaze.
Miguu haikufika.

"Mfaume, hiki kinasogezwaje mbele?"

Kuna chuma chini hapo, nikamwambia, kivute;
lakini reli imeshika kutu,
haijawahi kusogezwa hiyo.
Ngoja nitafute grisi.