Kifurushi cha Kasozi

Kilishuka basi la saa nne, Wobulenzi,
kimekazwa kwa kamba ya katani,
kimeandikwa neno moja kwa wino mzito: KASOZI.
Namba ya mpokeaji hakuna. Ya mtumaji ina tarakimu tisa,
ya kumi imeliwa na mvua.

Mimi Rehani, mtunza mizigo, mtu wa Bombo.
Kinubi nimezaliwa nacho, Kiswahili nimekiokota kambini,
Kiganda nimekinunua rejareja, neno kwa neno, sokoni.
Na hili nilijua bei yake:
lusozi ni mlima. Ng'oa lu, bandika ka,
mlima unanywea, unakuwa kitu
cha kupandwa na mbuzi kabla chai haijapoa.

Kilima, basi.
Lakini kipi?
Dereva akasema Kasozi iko ng'ambo ya kinamasi.
Utingo akasema ipo nyingine, njia ya wachoma makaa.
Fundi baiskeli, spoku mdomoni, akaongeza ya tatu,
ambako hakuna hata mwinuko, ni bapa kama chapati:
waliohama walihama na jina,
wakalitua pale pamoja na sufuria.

Kisha wakaja Kasozi wa miguu miwili.
Mfyatua matofali, akisubiri vipuri.
Mwalimu wa hesabu, akisubiri barua
ambayo hakuna basi litakaloileta.
Na mtoto wa shule, kaptula imeshikwa na pini:
"Hata mimi naitwa hivyo."
Hakutaka kitu. Alitaka kuona jina lake limeandikwa kubwa.
Nikamwinua. Akalisoma herufi kwa herufi
kama anayehesabu chenji.

Usiku kikalala chini ya meza yangu.
Chepesi kuliko ukubwa wake. Kilinukia moshi na mti.
Aliyemwita mwanawe kilima alitaka nini?
Aonekane kwa mbali?
Au mama alishikwa na uchungu katikati ya mpando?
Nilikuwa nimemuuliza mwalimu, naye akacheka:
"Jina la ukoo halina kwa nini.
Unapewa likiwa bado na joto la mwenzako."

Asubuhi akaja mwanamke, vumbi jekundu hadi magotini,
mshipi wa gomesi umelegea.
Hakuuliza. Aliinama, akakinusa.
"Ni chetu. Lubugo, kutoka Masaka."
Gome la mutuba, lililogongwa nyundo hadi likawa nguo.

Kalamu yangu ilikuwa juu ya daftari.
"Cha Kasozi mtu, au Kasozi kijiji?"

Akaketi kwenye gunia la mahindi ya watu.
"Baba ni Kasozi. Alizaliwa Kasozi.
Leo jioni tunamzika Kasozi.
Na udongo utakaobaki juu yake," akapima kwa kiganja,
kimo cha goti,
"wewe utauitaje?"

Sikujibu. Neno nilikuwa nalo.

Nikaandika. Mpokeaji: Kasozi. Kwendako: Kasozi.
Penye sahihi akaandika polepole, Nakimera,
akajitwika, akavuka barabara bila kutazama malori.
Ada ya kulaza mzigo sikumtoza.

Mwisho wa mwezi mkaguzi kutoka Kampala
aliuzungushia mstari ule wino mwekundu.
Pembeni akaandika: Umerudia neno. Rekebisha.