Yasemekana

Demareji nilidhani ni jina la nahodha,
Mfaransa labda, mwenye ndevu na kofia.
Mwakio hakucheka. Alivua miwani,
akaifuta kwa tai yake ya Jumatatu.
"Mama Riziki, Demareji ni siku.
Zikiisha zile za bure, inayofuata inakula.
Inakula usiku, inakula Jumapili,
na Idi haipumziki."

Kontena langu la kwanza: vigae vya sakafu kutoka Mundra,
futi ishirini, limebonyea ubavuni
kama debe la mafuta ya taa.
Mimi ni mtu wa Kongowea.
Kule mzigo unauona, unaubonyeza,
unauliza bei, unaondoka polepole ili uitwe urudi.
Hapa Kilindini mzigo ni karatasi.

Hati ya shehena ina vijumba kama sega la nyuki.
Mtumaji. Mpokeaji. Wa kuarifiwa.
"Huyu wa kuarifiwa ni nani?"
"Anayeambiwa meli imefika.
Si lazima mzigo uwe wake."
Nikanyamaza.
Kiwanja cha Mtwapa kilipouzwa,
mimi ndiye nilikuwa huyo.

Uzito wa jumla. Uzito wa bati likiwa tupu.
Toa hiki kwenye kile, kinachobaki ndicho mali.
Na chini, kwa herufi za mchwa:
*yasemekana limebeba katoni mia sita na kumi na mbili.*
"Yasemekana na nani?"
"Nahodha hakufungua. Alipokea mlango una lakiri,
nambari yake hii hapa.
Ameapia bati. Vigae hakuviapia."

Kisha zile herufi tatu, Efu-Oo-Bii,
nilizozikubali kwa simu nikikaanga mahamri,
mkono mmoja kwenye upawa:
mzigo ukishapanda melini kule kwao,
lolote litakaloufika ni lako.
"Bahari yote ile, mama, ilikuwa yako."
Siku kumi na moja nimemiliki bahari
na nimelala fofofo Bombolulu,
chandarua kimetoboka, feni inalia.

Siku ya tano ushuru ukalipwa.
Siku ya sita mtandao wa forodha ukalala,
wa saba ukaamka ukiwa na homa.
Bangili yangu moja ikaenda kwa Demareji,
ile nene. Sikumwona hata sura.

Shimanzi, siku ya nane, jua la saa saba.
Koleo likauma lakiri: *ta!*
sauti ndogo, kama mtu anayevunja bisi.
Vijana wa Chigulu wakahesabu kwa kelele,
wakapotea kwenye mia tatu, wakaanza upya.
Nzima: mia tano tisini na nane.
Kumi na nne zimekuwa unga na kona kali.
Nikajumlisha kwa kidole kwenye vumbi la bati.
Mia sita na kumi na mbili, haikupungua moja.
Hati ilisema kweli.
Nzima, hakuna mahali iliposema.

Dereva akaniletea karatasi nyingine:
bati tupu lirudi Jomvu kabla ya Ijumaa.
"Na likichelewa?"
"Linakula," akasema Mwakio.
"Hata tupu?"
"Mama, tupu ndilo lenye njaa."

Nikatia sahihi mbiombio,
na kalamu yake nikaondoka nayo.