Kadi Mia Tatu

Zimebaki siku kumi na tisa.
Al Khoudh, Agosti, saa nne usiku,
kiyoyozi kinadondosha tone kwenye ndoo ya rangi
kama mwalimu anayehesabu makosa.
Nimekata kadi mia tatu kwa mkasi wa kuku,
neno la Kiingereza mbele, maana nyuma,
maneno ambayo sijamsikia Mwingereza yeyote akiyatamka,
hata yule mhandisi wa Leeds
aliyetufungia mitambo maabara ya maji, Barka,
na alikuwa na mdomo yule.

Nimezibandika kila penye kubandikika:
mlango wa friji, mtungi wa gesi,
kopo la mdalasini, kioo cha msalani.

Mama hajui Kiingereza.
Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu,
alivyofunzwa Wete kabla hawajahamia huku.
Kila asubuhi anazibandua kadi apanguse,
halafu anazirudisha anapotaka yeye.
Neno la kitu kinachopita upesi
nimelikuta kwenye trei ya barafu.
Neno la ubahili limekaa
juu ya mkoba wa kaka Harith.

"Umejuaje?"
"Kujua nini? Lilikosa mahali."

Basi tukaanza.
Mimi nasoma maana, yeye anamenya thomu.
Atumiaye maneno mengi kusema jambo dogo?
"Ami yako Khalfan."
Anayeitikia kila analoambiwa na mkubwa wake?
"Khalfan huyohuyo, akiwa mbele ya mkewe."
Msema kweli mpaka kweli ikachoma?
Kisu kikasimama.
"Bi Shinuna, Mungu amrehemu.
Siku ya harusi yangu aliniambia
gauni ndilo lililonivaa mimi."
Kisichoshikika, kama moshi?
"Mshahara wa baba yako."

Kitabu kilisema, jifunze kwa mizizi,
Kilatini hiki, Kigiriki kile.
Nikakifunika kitabu kwa sinia.
Mizizi ilikuwa inamenya thomu mbele yangu,
inapiga chafya, inaniamuru nipunguze moto.

Ghala, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi.
Walinivua saa, wakakagua mikono ya abaya,
wakauliza kama miwani yangu ni miwani tu.
Swali la saba: sentensi yenye shimo katikati.
Nikamwona ami Khalfan ameketi kwenye herufi B,
kilemba kimemwendea upande,
ndiyo kwanza anaanza kisa cha gari lake la kwanza.
Nikambonyeza.
Bi Shinuna alikuwa F, ananitazama viatu.
Nikacheka kwa pua. Msimamizi akakohoa.

Kisha likaja swali lisilo na ndugu.
Maneno sita, wageni watupu.
Nikachagua mawili
kama unavyopokea mkono wa usiyemjua msibani,
kwa adabu, bila kuuliza jina.

Niliporudi, jiko lilikuwa tupu.
Friji jeupe, gesi uchi, kioo kina uso wangu tu.
Kadi zote amezifunga kwa mpira, kazitia kwenye boksi la biskuti.
Mlangoni imebaki moja, si yangu,
imekatwa kwenye paketi ya dawa yake ya presha,
herufi zake za Wete, wino wa buluu.
Mimi, mwenye lugha tatu na cheti cha kila moja,
nikaisoma kwa kidole kama mtoto wa chuoni:
ku, sa, bi, li, a.

"Maana yake?"
"Wewe si ndiye msomi?"

Kusafiri, nikasema.
Kusubiri.
Kusahau?

"Makosa matatu," alisema bila kugeuka.
Akaibandua kadi, akafuta mikono kwenye kanga,
akaingia chumbani kwangu
na kuipachika juu ya sanduku jipya la magurudumu,
lile ambalo bado sijalitoa nailoni,
akaisukuma kwa kidole gumba
mpaka ikashika.