Kilele cha Buluu

Siku ya kwanza tulifundishwa giza.
Dakta Nashipai Lukumay alishusha mapazia mazito,
akaziba ufa wa mlango kwa utepe mweusi,
akasema: humu ndani mwanga ni kama maji,
ukimwagika hauzoleki.
Tukakaa kimya, watafiti kumi na mmoja,
Tengeru, saa tatu asubuhi, jua likiwaka huko nje
juu ya migomba na barabara ya Moshi,
nasi tunangoja macho yazoee.

Akamimina kwenye kuveti maji yenye kwinini,
dawa ile chungu ya utotoni,
akawasha taa ambayo jicho haliioni.
Maji yakawa buluu.
Si buluu ya kupakwa. Ilitoka ndani,
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Tumusiime wa Mbarara akasema "Ala!"
kisha akaona haya, maana ana shahada tatu.

Daftarini nimeandika, kwa kalamu inayovuja:
molekuli hupokea urujuanimno, hupanda,
hukaa huko juu kitambo cha kupepesa jicho
(futa: kupepesa ni karne kwa kipimo hiki)
kisha hushuka, na kurudisha pungufu.
Kilichobaki kimekuwa joto.
Elifuraha, fundi wa maabara, akanong'ona:
"Hata kaka yangu ukimkopesha hurudisha hivyo hivyo."

Mengine niliyachukua nusunusu.
Kwamba chombo hakiitazami taa usoni;
husimama ubavuni, nyuzi tisini kamili,
kama jirani anayesikiliza ugomvi akiwa uani kwake.
Kwamba sampuli ikiwa nzito mno hujizima yenyewe.
Kwamba kuveti ya kwatzi haishikwi tumboni,
maana alama ya kidole nayo inang'aa,
na ukiivunja ni mbuzi wawili.
Jumatano umeme ulikatika, tukanywa chai.
Meru ikajitokeza nusu saa, ikajifunika tena.

Alhamisi kila mtu alete chake.
Kukaja asali, majani ya kahawa, maji ya Ngarenanyuki.
Mimi nilileta mahindi ya mama, ya Kikatiti,
kutoka gunia alilolichagua mwenyewe, akayapepeta mara mbili,
akasema, "Kawaonyeshe wenzako mahindi ya watu."
Nikasaga. Nikatia methanoli. Nikachuja.
Nikaweka taa mia tatu sitini na tano
nikasubiri mstari.

Mstari ulianza chini, ukasuasua,
kisha karibu na mia nne ishirini na tano
ukapanda bila kumwomba mtu ruhusa,
ukashuka upande wa pili laini kama mgongo wa paka.

"Kilele kizuri!" akasema Dakta, kwa furaha ya kweli.
"Safi, hakina kelele. Njooni muone sumukuvu inavyojiandika."
Wakaja. Wakakipiga picha kwa simu.
Kilele kilikuwa kizuri, sikatai.
Mimi nilikuwa nawaza uji wa mtoto wa dada yangu,
kikombe chake cha plastiki chenye ukingo uliotafunwa.

Jioni nikampigia.
"Wamekupa cheti?"
Kesho, mama. Mama, yale mahindi.
"Yamenuka?"
Hayakunuka.
"Yana wadudu?"
Hayana.
"Sasa umeona nini?"
Buluu, nikasema. Nimeona buluu.

Akanyamaza. Nikasikia sufuria, nikasikia mtoto,
nikasikia mwiko ukiacha kusonga.
"Hiyo taa," akauliza,
"inauzwa bei gani?"