Pamba Chini ya Kitambaa

Nimekisimamisha kitanda ukutani.
Chumba changu cha Kitangiri leo ni studio ya Makoroboi,
mwaka wa themanini na moja,
na mimi leo si Nyamizi.
Ni Limi binti Mabula, mama yangu,
kabla hajanizaa.

Shuka nimelipaka rangi mwenyewe: ndege,
ngazi ya ndege, mawingu matatu kama maandazi.
Kwenye picha ya kwanza mchoraji alisahau magurudumu,
nami nimeyasahau kwa makusudi.
Simu nyeusi ya kuzungusha namba nimeikodi
kwa fundi redio wa Mlango Mmoja, elfu tano mpaka jioni.
"Unampigia nani? Haina waya."
Hata ile haikuwa na waya.
Gauni nimelisaka wiki tatu kwenye mitumba,
kola pana, vifungo vya kung'aa.
Kifungo cha nne cha mama hakipo.
Changu kilikuwepo; nimekikata.

Kamera juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sekunde kumi.
Natoka mbio nyuma ya kioo
hadi ndani ya mwili wa mwingine,
nakaa, napishanisha miguu, nainua mkono wa simu,
taa nyekundu inahesabu.
Mara ya kwanza nimetoka mimi.
Mara ya sita mimi, nimevaa gauni.
Mara ya kumi na nne karibu,
ila shingo: ya mama imepinda kidogo kushoto,
kama anayesikiliza kitu begani,
na yangu nikiipinda inakuwa shingo iliyopindwa.

Sasa sikieni nilichoongeza.
Mama alifanya zamu ya usiku kiwanda cha nguo.
Alfajiri alirudi na vumbi la pamba kichwani,
mvi za msichana wa miaka ishirini na miwili.
Kwenye picha amefunga kitambaa.
Mimi nikakiacha.
Nikanunua pamba duka la dawa, nikaichambua,
nikajinyunyizia nywele nzima,
nikasema: huu ndio ukweli uliofichwa na studio.
Nilijipongeza, siwafichi.

Nikaipeleka Bwiru kwa mama mdogo Kwandu.
Akaishika mbali, akaishika karibu,
akatoka nayo mlangoni penye mwanga.
Nilingoja aseme, mmefanana.

"Nani kamvua kitambaa?"

Hakusema umevua. Kamvua.

"Tulishinda siku mbili tukimtoa nyuzi hizi
kwa chanuo na mafuta ya mgando. Haziishi.
Kitambaa kilikuwa changu.
Alilipa shilingi ishirini, Nyamizi,
ili kwa siku moja pamba isimjue.
Wewe umelipa ngapi kumrudishia?"

Nje, mawe ya Bwiru yamekaa juu ya mawe,
jiwe kubwa kama nyumba juu ya ncha ya jiwe,
ungedhani kuna mtu aliyapanga akasema, tulieni hapohapo.
Nyuma yake kipande cha ziwa, bati jipya.
Sikuwa na jibu. Nikatazama mawe.
Yeye akaingia ndani, sanduku likalia bawaba,
akarudi na kitu kimekunjwa mara nne.
Maua yake yalikuwa mekundu zamani.
"Kirudi," alisema. "Si chako."

Usiku nimekisimamisha kitanda tena.
Ndege bila magurudumu, simu bila waya
(fundi ameniachia hadi kesho, ameona aibu kuuliza).
Pamba sijaitoa. Kitambaa nimekifunga juu yake,
fundo nyuma, kama alivyonionyesha kwa vidole vyake
kwenye kichwa changu, bila kuongea.

Sekunde kumi.
Sita.
Joto la chumba, jasho, na kule ndani
nyuzi zikaanza kutembea
nyuma ya sikio, zikishuka.
Mikono yote ina kazi, moja simu, moja goti,
na mtu aliyelipa ishirini hajikuni mbele ya kamera.
Shingo ikapinda yenyewe
kushoto.

Picha hiyo nimeitundika. Ukija utaniuliza
nilikuwa nasikiliza nini.
Pamba hutaiona.
Inawasha.